Pumzi ya Mtoto kwenye Karakana ya Magodoro

Haya, mmeshinda. Kila siku mnaniambia andika, andika, utadhani mkono huu ni wa karani, na kalamu yenyewe nimeijua uzeeni. Lakini nikiwaachia watu wa redio watasema tu uchumi umekua, umekua, kama boga, bila kumtaja aliyelimwagilia.

Mshona magodoro mmoja, wenzake walimwita Chuma kwa kuwa hakujua kubembeleza mtu, alifanya kazi karakana ya nyuma ya soko. Godoro la pamba halishonwi na mtu mmoja. Mmoja anapenyeza sindano ndefu kutoka juu, mwenzake yuko chini anaipokea na kuirudisha. Mmoja asipokuja, wa pili anakaa mikono pajani kama bibi harusi.

Chuma alijifungua, na hakuwa na wa kumwachia mtoto. Kazini watoto walikatazwa. Basi akawa anampitisha mlango wa nyuma na kumlaza stoo, juu ya lundo la pamba. Mwenzake wa sindano, mwanamke mnene waliyemwita Kidevu, alimtania kwamba hata mtoto wa tajiri halali pazuri hivyo. Ulaini waliuona wote wawili; vumbi hakuna aliyeliwaza.

Mtoto akaanza kukohoa, kifua kikipiga mluzi. Siku kifua kikimbana, Chuma haji, na Kidevu anakaa bure. Magodoro yaliyoagizwa na hoteli moja yakachelewa. Tajiri mwenye karakana akatangaza kwamba wenye watoto wachanga atawaondoa wote. Amechoka kulipa mikono isiyoshona.

Chuma alipompeleka zahanati, muuguzi aliuliza mtoto analala wapi. Chuma akajibu nyumbani, kitandani. Muuguzi akachomoa unyuzi wa pamba sikioni mwa mtoto, akamwonyesha. Kisha akamwambia dawa atampa, lakini kifua kile hakitapona kikiendelea kuvuta vumbi.

Chuma alirudi moyo mzito. Akisema, kazi imekwenda. Akinyamaza, mtoto amekwenda. Hata kukaa hakukaa. Alimfuata tajiri pale pale kwenye godoro la hoteli lililoshonwa nusu.

“Mtoto wangu analala stoo yako, na pamba inamuua. Nifukuze ukitaka, ila humo simlazi tena.”

Tajiri akafungua mdomo. Kidevu akamuwahi.

“Ukimfukuza, mzee, ukae chini wewe unipokelee sindano. Na hilo tumbo.”

Karakana nzima ikaangua kicheko, na tajiri, alipotazama tumbo lake, akacheka pia. Akawaza kidogo, akasema chumba chake cha kupokelea wageni kina dirisha kubwa, na wageni wenyewe siku hizi hawaji. Mama mkwe wa Chuma, ambaye awali hakuweza kuacha kibarua chake akalee bure, akaitwa kulea watoto humo, kwa ujira. Stoo ikafungwa kwa kufuli.

Asubuhi moja Chuma aliweka sikio kifuani mwa mwanawe kutafuta ule mluzi. Hakuusikia. Akakaa sakafuni, akashusha pumzi aliyoibeba tangu masika.

Hoteli ilipata magodoro kwa wakati, ikaagiza mengine. Tajiri akaajiri wanawake zaidi, nao wakanunulia watoto wao viatu, na fundi viatu wa jirani, bingwa wa kusinzia, akakosa nafasi ya kusinzia. Mnaouliza nchi inakuaje, inakua hivyo.

Sasa wewe uliyesoma, zamu yako. Nenda kwa anayekushonea nguo, au anayekuokea mkate, umuulize mwanawe analelewa wapi yeye akiwa kazini. Pole zako sizitaki. Niletee jibu.