Wifi Alijifanya Mdogo Wangu kwa Simu

Admin, usitaje jina langu wala kanisa letu, huku tunajuana sana. Nina miaka ishirini na sita, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa mwaka na nusu, tunakaa Irving, huku Amerika. Shule niliishia darasa la nane, nafanya kazi jikoni uwanja wa ndege. Mkiona makosa mnisamehe, naandika kwa hasira.

Tunaishi na mdogo wangu, nitamwita Rehema. Nimemlea mimi tangu mama yetu afariki, na nikamleta huku mimi. Anataka kuwa daktari. Mwaka huu alikubaliwa mahali pawili. Chuo cha Richardson, karibu na kwetu, walimpa honors, yaani kile kikundi cha waliofaulu sana. Darasa dogo, profesa anakujua kwa jina, unasoma biolojia lakini pia unasoma vitabu vingine na kufanya utafiti wako mwenyewe. Chuo cha Houston wakampa health science, mambo ya afya tu, ambapo hata udaktari ukikataa unapata kazi hospitali. Zote mbili zinaweza kukufikisha kwa udaktari. Alifikiria sana, akaomba, akachagua honors. Siku hiyo alimrusha Neema wangu juu mpaka mtoto akacheua maziwa, tukacheka wote.

Sasa wifi yangu, dada ya mume wangu, ni nesi. Anakaa Sharpstown kule Houston na ana nyumba ya kutunza wazee. Aliposikia akanipigia.

"Daktari wa kusoma hadithi? Mgonjwa akizimia atamsimulia?"

Nikamwambia, "Wifi, ameamua mwenyewe."

"Mtoto anaamua nini? Aje kwangu asome afya, jioni anisaidie na wazee wangu."

Nikadhani yameishia hapo. Wiki iliyopita Rehema akapiga chuo kuuliza siku ya kuripoti, akaambiwa jina lake halipo tena kwa honors. Mnajua tulivyolelewa, hakuuliza kwa nini. Alisema "okay, thank you" akakata, akakaa chini kwenye kapeti. "Dada, labda waliangalia tena wakaona sifai." Akakubali kwenda Houston, akakae kwa wifi.

Jumapili wifi akaja kututembelea. Tuko jikoni, mimi nakata sukuma, ananiambia huku anacheka kabisa: "Niliwapigia mimi. Nikasema ndiye Rehema, nimebadilisha mawazo. Wale sauti zetu watazijulia wapi? Tarehe ya kuzaliwa alinipa baba Neema."

Baba Neema! Mume wangu! Wifi alipoondoka nikamuuliza, "Ulijua?"

"Dada aliuliza tarehe tu, sikujua ni ya nini. Lakini mama Neema, yamekwisha. Ukimwambia huyo msichana umenikosanisha na ndugu yangu aliyenileta Amerika. Usije ukanililia hapa."

Yamekwisha kwa nani? Dada yako alikuleta wewe, Rehema hakumleta! Mnachukua maisha ya mtoto wa watu mnayapanga kama viti vya harusi, halafu mimi ndiye ninayevunja nyumba?

Jana kwenye mapumziko nikapiga chuo na Kiingereza changu cha kuokota. Mama mmoja akanisikiliza polepole, Mungu ambariki. Nafasi bado ipo mpaka Ijumaa, lakini lazima Rehema mwenyewe apige. Nilipofika nyumbani nikamkuta anakunja nguo za kwenda Houston, simu iko sikioni, anamshukuru wifi kwa kumpokea. "Asante auntie, Mungu akubariki." Na nikamsikia yule mwanamke akiitikia, "Amina, mwanangu."

Leo nikitoka kazini namwambia Rehema, na nitasimama karibu naye akipiga hiyo simu. Kwa hilo sihitaji ruhusa ya mtu, na msiniambie nivumilie. Ninachowauliza ninyi mlio kwenye ndoa ni hiki: mwanaume huyu ni baba wa mtoto wangu na bado nampenda. Nikishasema, nitaishi naye vipi chini ya paa moja? Nishikeni mkono, maana kunyamaza nimeshindwa.