Suruali Niliyomweleza Baba

Kuna Jumamosi moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiiandika naona nimeipunguza au nimeiongezea. Nitajitahidi niseme ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, mitumba ikajaa soko la Kiwira na kanda za muziki zikauzwa mpaka kwenye magenge ya ndizi. Kaka yangu Lusajo alikuwa ameoa msichana wa huku huku Ikuti, Tusekile. Siku za kazi binti huyo alichuma chai, Jumamosi aliimba kwenye bendi. Suruali za kubana alizovaa jukwaani zilisemwa kanisani, zikasemwa kwenye mashine ya kusaga, zikasemwa mpaka shambani kwenye mistari ya chai. Msemaji mkubwa nilikuwa mimi, wifi yake. Kwa haki, wengine hawakuwa na ubaya; waliogopa mabinti zao wasije wakaiga. Mimi sikuwa na binti. Labda nilizitamani tu, hasa ile ya bluu.

Nikaenda kwa baba. Unajua desturi yetu, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wakikaribia kukutana, mmoja anakata njia kupitia migombani. Kwa hiyo baba hakuwahi kuiona suruali ile. Aliiona kwa mdomo wangu, na nilimweleza vizuri mno. Akaudhika, akasema ikiwa ni kweli, Tusekile aache muziki au arudi kwao. Kaka yangu siku mbili hakugusa chakula.

Jumamosi ile bendi ikaja kupiga kwenye uwanja wa shule. Baba akataka kuhakikisha kabla ya kuamua. Akasimama nyuma ya darasa, mgongo ukutani, mabuti yake ya shambani miguuni. Mimi akaniweka kwenye kona, nichungulie nimwambie.

"Amepanda, baba. Ni ile ya bluu. Inabana hiyo!"

"Hm."

Tusekile akashika kipaza sauti, akasema wimbo huu ni mpya, ni majibu kwa wanaomsema. Gitaa likaingia.

*Mnasema inanibana, na aliyevaa ni mimi,*
*mbona wanaokosa pumzi ni ninyi?*

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja wa kwaya yetu, aliyekuja kwa kuudhika, alijifuta machozi kwa khanga.

"Na mkanda, baba, una chuma kinang'aa, na sasa anageuka..."

"Bupe! Nyamaza nisikie."

Ubeti wa pili ukaja.

*Yupo baba nisiyemwona, nampisha njiani;*
*uji wake wa asubuhi, nani aupika jikoni?*

Baba akanigeukia. "Kumbe ule uji si wako?"

Mwanangu, niliupeleka mimi kwa sababu Tusekile mwenyewe hakuruhusiwa kumkaribia. Baba alinishukuru kila asubuhi, nami nilipokea.

"Ni wake, baba."

"Miezi yote hii nakushukuru wewe!"

Nikatafuta pa kuweka uso. Lakini kiitikio kilikuwa kimerudi, na buti moja la baba likaanza kupiga ardhi, la pili likafuata. Mzee alicheza pale nyuma ya darasa, akijihadhari asipite kona. "Nenda kamwambie mkamwana wangu, ndaga fijo, asante sana," akasema akihema. "Aendelee kuimba. Na huo aurudie!"

Lusajo aliponiona nakatiza uwanja, alifunika uso. Nilipomfikishia Tusekile ujumbe, kaka akaruka jukwaani na viatu vyake vya kanisani. Tusekile akaniinamia sikioni. "Wifi, na mkanda umemwambia?"

"Nimemwambia."

Akacheka mpaka akachelewa kuuanza tena wimbo.

Sikuambii kila suruali inafaa, mwanangu; hilo mpaka leo sina hakika nalo. Ninalokuambia ni hili: ukipeleka habari za mtu kwa wakubwa, zipeleke zote, pamoja na kazi anayoifanya pasipo wa kumtazama. Ukishukuriwa kwa jasho la mwenzako, sema siku hiyo hiyo, maana kesho ulimi unazidi kuwa mzito. Nawe ukisemwa usinune. Jibu, na ukiweza wachekeshe wanaokusema.

Mungu akuzungushie watu wa kukunyamazisha unapokosea na kukushangilia unapopatia. Akujalie miguu ya kucheza mpaka uzeeni.