Viti vya Harusi Iliyoposponiwa

Bwana Viti hakuzaliwa na jina hilo, lakini ukimwita jingine mtaani kwetu hageuki. Kazi yake ni kukodisha viti na mahema. Ghala lake linatazamana na kibanda changu cha kushona viatu, katikati kuna kijibarabara tu, kwa hiyo mambo yake mengi nimeyaona bila kuyatafuta. Mtu unayeinamia soli kutwa nzima, ukiinua macho lazima uone kitu.

Ni mtu wa utaratibu yule, tena wa kuudhi. Viti ambavyo mteja keshavitia mkono vinapangwa ukutani na kufungwa kitambaa chekundu. Kikishafungwa kitambaa, hata uje umevaa suti ya aina gani, havitoki. Visivyo na kitambaa ni vya yeyote atakayewahi. Na wenye viti wenyewe kwa wenyewe wana lao: mwenzako akipungukiwa akaja kwako, viti vikiwa havina kazi unampa, huna hiari. Ukimnyima leo, kesho nawe utakaa na harusi ya watu wamesimama.

Shule aliishia njiani kama mimi, ila Kiingereza cha kazi yake anacho. Ni maneno matatu: buku, yaani kuweka nafasi, posponi na kanseli. Kuahirisha analijua, lakini anasema hilo ni la watu wa redioni, ukimwambia mteja anahisi kama anasomewa taarifa ya habari. Posponi ndilo alilipenda kuliko yote, na alikuwa akilifundisha hapo mlangoni bila kuombwa.

"Posponi lina mkia," alikuwa akisema. "Ukiposponi, unasema mpaka lini. Mvua imenyesha, harusi inaposponiwa hadi Jumamosi ijayo. Hapo nakuelewa, kitambaa changu nakiacha. Ukichelewa nusu saa hujaposponi, umechelewa. Na kitu kilichokufa hakiposponiwi, hicho kimekanseliwa, nifungulie viti vyangu."

Siku moja alikuja mama mmoja wa kikundi cha akina mama, mkoba kwapani, uso wa huruma.

"Baba, ule mkutano wetu tumeuposponi kidogo."

"Kidogo ndiyo lini?"

"Tutakwambia."

"Nani atakayeniambia, wewe au mjukuu wako?"

"Jamani baba, si tutakaa tupange!"

"Mama yangu, hiyo si posponi. Hiyo ni kanseli inayoona haya." Akafungua kitambaa palepale, mama wa watu akabaki anashangaa viti vyake vikipakiwa kwenda msibani.

Nilicheka siku hiyo mpaka nikajichoma sindano.

Basi, binti yake akapata mchumba. Binti mwenyewe anauza kwenye duka la dawa kule kona, msichana mpole, mwenye sauti ya kumfanya hata mwenye jino linalouma asubiri zamu yake. Mchumba alikuwa kijana anayefundisha watu kuendesha gari. Bwana Viti alifurahi hata akaanza kunisalimia mara mbili mbili. Akanunua viti vipya, si vya plastiki, vya chuma vyenye mto. Akavishonea nguo, rangi waliichagua maharusi wenyewe wamekaa pale ghalani wakibishana: kijani cha maji, huyu anasema kimekolea, huyu anasema hakijakolea. Shangazi mtu, yaani dada yake Bwana Viti, mwanamke wa shughuli zote, akatarizi mgongoni mwa kila kiti herufi mbili ndogo, ya binti na ya mchumba, zimeshikana kama watoto wanaovuka barabara. Vikavishwa mapema, vikafunikwa nailoni, vikafungwa utepe mweupe badala ya kitambaa chekundu. Kila mteja aliyeingia alionyeshwa.

Ikawa asubuhi moja, harusi iko karibu kabisa, akaja mjomba wa yule kijana. Hakukaa. Alisimama mlangoni mwa ghala, kofia mkononi, akaongea kwa dakika chache huku akitazama viatu vyake, mimi nikavitazama pia kwa mazoea, kisigino cha kulia kimeliwa. Halafu akaondoka haraka kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Baadaye ndipo tulipojua alichosema: kijana ameghairi. Hakuna ugomvi, hakuna sababu ya kushika mkononi. Ameghairi tu.

Bwana Viti alitoka nje, akasimama juani.

"Vipi, wakwe wamekuja kupanga?" nikamuuliza, mjinga mimi.

Akalitazama ghala lake, kisha mimi.

"Aa, tumeposponi kidogo."

Nilitaka kumuuliza kidogo ndiyo lini. Lilifika hapa kwenye ulimi, nikaliona jicho lake, nikalimeza. Nikachukua kiatu cha mtu nikaanza kukipiga msumari ambao hakikuuhitaji.

Kumbe neno lile lilikuwa limemfaa mno. Kusema imevunjika ni kama kuvua shati sokoni. Posponi likamsitiri. Mwanzoni watu walitikisa vichwa, wakasema ndiyo, mambo ya shughuli hayo, wakapita. Lakini mkia aliousema mwenyewe ukaanza kumtoka nyuma. Mpaka lini? Akasema kijana yuko safarini. Watu walipoanza kusema kijana keshaonekana mjini, akasema kuna mtihani wa kazini. Mtihani ukaisha, akasema wanatafuta ukumbi. Mwenye mahema, anatafuta ukumbi! Mke wake akaacha kuja ghalani kabisa. Chakula akawa anamtumia kwenye bakuli lenye kifuniko, bila salamu.

Shangazi mtu naye alikuwa ameshashonesha magauni ya sare kwa wenzake wote. Kila Jumapili simu. Bwana Viti alikuwa akiishika mbali na sikio, na mimi ng'ambo ya barabara namsikia dada mtu vizuri tu: "Kaka, tarehe imetoka? Wenzangu wananenepa!"

Aliyeumia ni binti. Baba alisema neno mara moja, yeye ndiye aliyelibeba kutwa nzima. Duka la dawa halina mahali pa kujificha. Mtu anakuja kununua dawa ya kikohozi, kabla hajakohoa anauliza, "Bibi harusi, mpaka lini?" Na yeye hawezi kumuumbua baba yake, anatabasamu, anahesabu vidonge.

Alasiri moja alikuja ghalani na koti lake jeupe bado amelivaa.

"Baba, leo mama mmoja amenishika mkono mbele ya foleni nzima, akafumba macho, akaniombea tarehe."

"Si jambo baya kuombewa, mwanangu."

"Foleni nzima ikaitikia amina, baba."

Bwana Viti akawa anaung'ang'ania utepe wa viti, anaukaza palipokwisha kukazwa.

"Mimi kuachwa nimeachwa," binti akasema. "Nimelia, nimemaliza. Mbona wewe hutaki niachwe? Waambie watu haipo. Mimi sina haya ya kuachwa, nina haya ya kudanganya."

"Nipe muda kidogo."

"Wa nini?"

Akarudi kwenye utepe. Binti akaondoka, hakuvuta hata mlango. Mzee yule alikaa juu ya ndoo hadi mwanga wa mlangoni ulipohama miguuni pake.

Hapo ndipo alipoingia Mama Mahema. Huyu ni mwenzake wa kazi, kutoka upande mwingine wa mji, mwanamke mwenye sauti ya kupimia spika. Alikuja na gari la mizigo na wapakiaji wawili, wanaume wazima waliokwisha kuchoka.

"Kaka, niokoe. Nina harusi Jumamosi, viti vimepelea."

"Vyangu vimetoka vyote."

"Na hivi?" Keshaingia ndani, keshainua nailoni, keshapapasa. "Hee! Tena vimevaa!"

"Hivyo vina shughuli."

"Ya nani?"

"Ya binti yangu. Iliposponiwa."

"Mpaka lini?"

Bwana Viti akaivuta nailoni, akavifunika tena. Mama Mahema hakuwa na ubaya, hakujua chochote, alikuwa anauliza kikazi.

"Kaka, si wewe uliyeninyang'anya viti mwaka ule ukaniambia posponi bila tarehe siyo posponi? Kama tarehe ipo niambie niondoke zangu. Kama haipo, fungua."

Sasa mwone mtu alivyobanwa. Akisema tarehe ipo, mama huyu mdomo wake unafika mji mzima kabla ya gari lake. Akisema haipo, ameshakiri. Na mimi pale na kiatu mkononi, na mwuza maji amesimama, na wapakiaji wanasikiliza kama wanalipwa kusikiliza. Bwana Viti akatafuta mlango wa tatu.

"Chukua," akasema. "Ila chukua hivyohivyo, na nailoni yake. Usifungue hapa."

Maana kuvivua nguo mbele yetu lingekuwa tangazo. Aliona bora viondoke vimefunikwa, vitarudi vimefunikwa, hakuna aliyeona kitu. Na kwa ile haraka ya kutaka tutawanyike, herufi za mgongoni zikamtoka akilini. Hakuuliza hata harusi ni ya nani. Yeye, anayemuuliza mteja mpaka jina la mpishi.

Ilikuwa ya yule kijana.

Ndiyo. Mwalimu wa gari alikuwa ameshapata mwingine, au alikuwa naye tangu zamani, hilo mimi silijui na sitaki kulitia chumvi. Jumamosi mchana, jua kali, simu ya Bwana Viti ikalia. Nilimwona akiipokea kwa sauti yake ya wateja, kisha mgongo ukaanza kushuka. Alikuwa ni mjomba mtu, na hakuwa anaongea, alikuwa anafoka. Wageni wamekaa, bwana harusi anaingia na bibi harusi wake, anaona kijani cha maji. Anapita kiti cha kwanza, anaona herufi yake imeshikana na herufi isiyo ya huyu aliyemshika mkono. Viti vyote. Bibi harusi anauliza hii herufi ya nani, mtu mwenye busara anajibu ni alama ya kiwanda, na mtoto wa shangazi wa bwana harusi, asiye na busara, anataja jina.

"Umetuletea matusi kwenye viti!" Hilo nililisikia wazi. "Ungesema una uchungu, tungekuja tukazungumza kama watu!"

"Ndugu yangu, wallahi sikujua..."

"Hukujua viti vyako?"

Bwana Viti alianza sentensi tatu, hakumaliza hata moja. Angesema nini? Kwamba hakuvivua kwa sababu aliwaambia watu harusi ipo? Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, "Niliwaambia watu imeposponiwa." Kufoka kukakatika. Nadhani mjomba alitegemea ugomvi, akakutana na mtu uchi.

"Pole, mzee," akamwambia, hili alinisimulia baadaye, na kuambiwa pole na yule ndiko kulikommaliza.

Alikuja kwangu. Uso ulikuwa na rangi ya majivu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Habari itafika duka la dawa saa ngapi?"

"Kwa mtaa huu? Labda imeshafika."

Akaondoka, ghala wazi, ndala miguuni, akienda mwendo wa mtu anayewahi basi. Nilifunga kibanda nikamfuata, na msinilaumu, nilimfuata kwa wema na kwa umbea, vyote viwili.

Habari ilikuwa haijafika. Duka lilikuwa limejaa, foleni hadi mlangoni. Bwana Viti akasimama nyuma ya watu, akampisha mzee mmoja, akampisha mama mwenye mtoto, nikaona anapisha kwa kuogopa. Kisha yule mama aliyemwombea binti tarehe, kumbe naye alikuwepo, akamwona.

"Baba mtu huyo! Haya, tupe tarehe, tumechoka kusubiri!"

Watu wakacheka kwa upendo. Binti akainua uso kutoka kwenye vidonge.

"Tarehe hakuna," Bwana Viti akasema. "Harusi hakuna. Ilivunjika siku ileile. Huyu alitaka niseme, mimi ndiye niliyekataa. Niliona haya." Akamgeukia binti. "Na leo nimefanya jingine baya zaidi. Viti vyako, mwanangu, vile vyenye herufi, nimeviazimisha bila kuuliza, vimekwenda kwenye harusi yake yule. Vimeonekana."

Hakuna aliyekohoa, na lilikuwa duka la wenye kikohozi.

Binti alimtazama. Mkono ukashika ukingo wa meza. Nilidhani atalia, nikadhani atamfukuza. Alifunga bahasha ya vidonge aliyokuwa nayo, akampa mteja, akamweleza kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Ndipo akasema:

"Vyote?"

"Vyote."

"Na shangazi anajua?"

"Bado."

"Basi toka nje umpigie. Usimwambie mama ampigie, wala usiningoje mimi."

"Mwanangu..."

"Baba, kuna watu wanaumwa hapa."

Alitoka, akakaa kwenye ngazi ya duka, watu wakimruka kuingia. Hakuna aliyemcheka, na nadhani angependa wamcheke. Akabonyeza simu. Dada mtu alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Kaka! Imetoka?"

"Dada, hakuna harusi."

"Mmeposponi tena?"

"Hapana. Imevunjika. Zamani. Nilikudanganya."

Safari hii hakuishika mbali na sikio. Aliibana kabisa, akayapokea yote, kichwa chini, huku mkono wa pili ukimfunika macho. Yalichukua muda. Wakati yanaendelea, binti alitoka mlangoni na koti lake jeupe, akamtazama kwa nyuma, akaweka glasi ya maji kwenye ngazi, mbali naye kidogo, akarudi ndani kuhudumia foleni.