Nilivyoikata Milanzi ya Shangazi

Nimewahi kufukuzwa kazi Mafinga mbele ya wenzangu wote, nimewahi kukataliwa na mchumba kwa barua aliyonisomea kaka yake kwa sauti, lakini aibu hizo zote ukizipanga mstari mmoja hazifikii ile niliyoipata Jumapili ya Pasaka kwa shangazi yangu, karibu na Igowole, na kama nisingekuwa na miaka arobaini na kitu sasa, umri ambao mtu huanza kujicheka mwenyewe kabla wanawe hawajamcheka, nisingeisimulia.

Ilikuwa miaka ya sabini, watu wameshahamishiwa vijijini na nyumba zimepangwa mistari kama madawati. Mimi nilikuwa kijana wa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, nimemaliza sekondari ila sijui niifanyie nini, basi nikawa napanda malori ya mbao, Mafinga kwenda Mbeya, Mbeya kurudi Iringa, sikai mahali miezi mitatu. Kila nilipochoka kuzurura nilishukia kwa shangazi Sekihongo, dada wa marehemu baba, mjane, mgema wa ulanzi.

Kwa asiyeujua ulanzi, pombe ya mianzi: chipukizi la mlanzi likifika kimo cha mtoto hukatwa ncha na kufungwa kikombe cha mwanzi kiitwacho mbeta, kisha kila asubuhi na jioni mgema huja na kisu kikali akapunguza kipande chembamba, chembamba kweli, kama ganda la kitunguu, ndipo utamu uendelee kudondoka. Shangazi aliijua kazi hiyo kuliko wanaume wote wa bonde lile, nao walilisema hilo wenyewe, wakishashiba.

Kiharusi kilimjia mara mbili, vyote vidogo, kama mgeni anayechungulia mlangoni kabla ya kubisha hodi. Cha kwanza kilimpinda mdomo siku mbili kikamwachia. Cha pili, mwanzoni mwa mvua, kilimlegeza mkono na mguu wa kulia na kumfunga ulimi, maneno yakawa yanatoka moja moja kama watu wanaotoka kanisani kwa mlango mwembamba. Mwanawe, kaka Anjelo, karani wa Mbeya, alikuja na sanduku tupu la kumchukua. Shangazi akashika mhimili wa mlango kwa mkono wa kushoto.

"Mbeya... hakuna... milanzi."

"Mama, utaishije peke yako? Utagema kwa mkono upi?"

Wakabishana siku nzima, yeye kwa hotuba na mama yake kwa neno moja moja, na mwishowe wakaafikiana hivi: Pasaka Anjelo angerudi, na akikuta ulanzi uliogemwa na mama yake mwenyewe, unaotosha kuwapa wageni, mama abaki kwake. Asipoukuta, blanketi liingie sandukuni bila maneno.

Mimi nilifika wiki mbili kabla ya Pasaka nikaachiwa kumtunza. Nilimsindikiza zahanati, na mganga akaniambia nikiwa nimesimama pale pale, nikiwa na akili zangu zote, "Dawa atameza, lakini dawa kubwa ni kutumia viungo vyake mwenyewe. Usimfanyie kila kitu." (Likumbukeni neno hilo, maana mimi nililisahau.)

Alikuwa na milanzi kumi kando ya njia ya bondeni. Kila asubuhi alishuka na fimbo mkono wa kushoto, kisu kiunoni, akigema kwa mkono huo huo, na mlanzi mmoja ulimchukua muda wa kuchemsha chai. Kisu kikianguka, kuinama tu ilikuwa safari nzima. Nikinyoosha mkono nimwokotee, ananiambia "Acha," na hilo ndilo neno pekee ambalo ulimi wake ulilitamka bila kukwama hata kidogo. Akimaliza kumi yake alikuwa anapotelea kwenye matete huko chini, harudi mpaka jua limepanda. Nilidhani anapumzika. Nilimwonea huruma mpaka nikakosa raha ya kula.

Ijumaa Kuu akaenda kanisani na mke wa mwinjilisti, nami nikabaki nyumbani, na ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo: leo tu, nimpunguzie kazi. Nikachukua panga. Nilijiambia (kwa elimu yangu ya sekondari) kwamba kama ganda la kitunguu linatoa kikombe, basi kipande cha urefu wa kidole kitatoa ndoo. Nikaikata yote kumi, tap, tap, tap, nikarudi napiga mluzi kama mtu aliyefanya sadaka.

Jioni shangazi akashuka bondeni mwenyewe, akarudi, akavitazama viatu vyangu vyenye matope kwa muda mrefu.

"Hm," akasema.

Nami, mjinga, nikafurahi kwamba hakugundua.

Jumamosi asubuhi nikachungulia mbeta: ya kwanza kavu, ya pili kavu, ya tatu ina sisimizi wanaozunguka kama wanaotafuta mwenye nyumba. Yote kumi. Mlanzi ukikatwa namna ile hufunga, na ukishafunga umefunga, na ulanzi wa siku za nyuma ulikuwa umeshauzwa wote. Nikakaa kwenye nyasi nikaliona sanduku la kaka Anjelo, nikaliona blanketi la shangazi likiingia humo, na aliyelikunja ni mimi.

Mtu mwenye busara angekwenda kuungama. Mimi nilikwenda madukani nikapata kijagi cha ulanzi mkali uliobaki wa juzi, nikaumimina kwenye debe, nikajazia maji ya mtoni, kisha nikatia sukari, ile ile aliyoileta kaka Anjelo kwa chai ya mama yake, na sukari siku zile ilikuwa adimu kama nyama. Nikakoroga. Rangi ilifanana. Nikajisifu kabisa.

Jumapili baada ya ibada wageni wakajaa: kaka Anjelo na suti yake, jirani yetu Mzee Yusto ambaye hajawahi kukosa mahali penye kikombe, na mwinjilisti, aliyesema amekuja kwa ajili ya mtogwa tu, ulanzi mtamu usiolewesha. Kamwene, kamwene, watu wakasalimiana, wakaketi. Nikalitoa debe kwa maringo.

"Mama, ni wewe umegema huu wote?" kaka Anjelo akauliza, macho yamemtoka.

Nikamwahi kujibu, "Yeye mwenyewe, kaka! Kila tone!"

Shangazi akainua nyusi moja. Sasa kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, waone kwamba hana ubaya nao, na jambo hilo, katika hila zangu zote, sikulikumbuka. Mzee Yusto akamshikisha kikombe. Shangazi akavuta funda moja, akaliweka mdomoni, akalizungusha kutoka shavu zima kwenda shavu gonjwa, akatema kando ya kigoda, na ulimi uliokuwa umefungwa tangu mwanzo wa mvua ukafunguka, maneno yakatoka yamenyooka mbele ya watu wote:

"Nani kaogea haya maji?"

Kisha Mzee Yusto akaanguka kutoka kwenye kigoda chake kwa kucheka, na mwinjilisti akajifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Mke wa mwinjilisti yeye alikuwa analia, "Amesema! Mmesikia? Amesema sentensi nzima!" Mimi nilisimama na kata mkononi kama sanamu ya mwizi.

Lakini kaka Anjelo hakucheka. "Kwa hiyo hukugema, mama."

Hapo nikaona kwamba nikiendelea kunyamaza nitakuwa si mjinga tu. Nikasema yote: panga, milanzi, maji, sukari. ("Sukari yangu?" kaka Anjelo akauliza. "Yako, kaka.") Mzee Yusto akauliza kama maji niliyachotea juu ya kivuko au chini yake, maana chini yake ndipo watu wanapofulia. Nikamjibu chini yake, na mwinjilisti akasogeza kikombe chake mbali.

"Basi," kaka Anjelo akasema kwa upole, ambao ulikuwa mbaya kuliko hasira, "makosa si yako, mama, lakini ulanzi haupo. Tulikubaliana."

Shangazi akatafuta fimbo yake, akasimama.

"Njooni."

Tukashuka wote bondeni na nguo za Pasaka, shangazi mbele, anaburuza mguu lakini hasimami. Mimi na raizoni zangu niliteleza penye mteremko, nikapita kwa makalio pembeni ya msafara mzima, nikampita hata shangazi mwenyewe, nikaishia matopeni (hakuna aliyenisaidia, na Mzee Yusto alisema kumbe leo ndiyo siku yangu ya kuoga). Shangazi akanipita bila kunitazama, akaingia kwenye matete.

Nyuma ya matete kulikuwa na milanzi minne ambayo hakuna kati yetu aliyejua kwamba inagemwa. Mbeta zote nne zimejaa hadi povu linamwagika, na chini yake mtungi umefunikwa kwa jani la mgomba. Vidonda vya kisu vilikuwa vimepinda, vingine vina meno kama msumeno, lakini vyembamba vyote.

"Kwa nini huku mafichoni, mama?" kaka Anjelo akauliza.

"Kule juu... mnanitazama. Mna huruma."

Kisha akaegemea fimbo kwa mkono wa kushoto na kukitoa kisu kwa mkono wa kulia. Ule mgonjwa. Sote tulidhani mkono ule umestaafu, kumbe alikuwa anaupeleka shule kila asubuhi, peke yake, mahali ambapo kisu kikianguka hakuna wa kusema pole. Ulitetemeka mpaka nikajiuma kidole nisimkimbilie. Kisu kikagusa mwanzi, kikasita, kikapita. Kipande kikaanguka kwenye kiganja cha kaka Anjelo, na alipokiinua juu tukaona mwanga upande wa pili.

Kaka Anjelo akavua kofia. Akainama akabeba mtungi mwenyewe, na suti yake. Sanduku lilirudi Mbeya tupu, isipokuwa kibuyu kimoja cha ulanzi.

Mimi nilitaka kudandia lori Jumatatu ile ile. Shangazi akanipeleka kwenye mlanzi mmoja mchanga, akanipa kisu.

"Huu wako. Kata."

Nikabaki mpaka mwisho wa mvua, mimi nisiyekaa mahali, nikigema mlanzi mmoja asubuhi na jioni. Kila kipande alikichukua, akakiinua kwenye jua, akakitupa. "Kinene." Kesho yake: "Kinene." Aliishi miaka mingine sita kwenye nyumba yake, akagema milanzi ya kutosha kujengea kanisa, na mpaka leo nikishuka Igowole wazee waliobaki huniuliza kama nimeshaoga.

Nikimkuta mgonjwa anahangaika na kifungo cha shati, siku hizi natia mikono mfukoni na kuikunja ngumi humo humo, nangoja aniite. Asiponiita, nashukuru. Lakini kile kipande changu cha mwisho cha msimu ule, alipokiinua kwenye jua, alikitazama muda mrefu kidogo kuliko vingine kabla hajakitupa, na hilo nimetembea nalo kila nilikokwenda.