Aliyemzika Kaka Yangu

Tangu aingie jeshi la Mwingereza, kaka yangu alirudi nyumbani mara moja tu. Alitoka vitani Uhabeshi, akatembea kwa miguu kutoka bandarini hadi kwetu Temeke, kifuani ana nishani. Majirani walijaa uani kuitazama. Yeye aliwaamkia, akaingia ndani, akalala hadi adhuhuri ya kesho yake.

Mama alimuuliza nishani ile aliipatia nini.

"Wenzetu wawili walipigwa risasi, wakabaki mbele, wanalia toka asubuhi. Nilichoka kuwasikia, mama. Nikaenda kuwachukua."

Kabla ya vita alikuwa fundi baiskeli, lakini likizo nzima hakugusa hata spana. Ukimsemesha, anachelewa kujibu. Siku ya kuondoka mama alimshika mkono.

"Baba, si umeshapigana? Waache na wengine."

"Wengine ndio sisi, mama."

Wakampeleka Burma. Habari ya kifo chake ililetwa na karani wa serikali.

"Mwanao amekufa kishujaa," alisema.

"Kazikwa na nani?"

Karani aliigeuza karatasi nyuma na mbele. "Hawakuandika."

Mama alikataa hitima kusomwa. Alisema hawezi kumsomea mtu bila kujua kama alifukiwa au aliachwa. Akaendelea kuchoma vitumbua vyake. Akimaliza kuuza, anakaa tu hadi jua lizame. Nilikuwa na miaka kumi na minne, kazi zote za nyumba zikawa zangu. Naona haya kusema, lakini hata yeye nilimchoka.

Vita vilikuwa vimekwisha alipokuja mtu mmoja wa bara, anachechemea. Alikuwa mmoja wa wale wawili waliopigwa risasi Uhabeshi.

"Shikamoo mama. Mie ndiye niliyemzika."

Mama aliacha vitumbua vyake, akaketi mbele yake.

"Mvua ilikuwa kubwa, shimo likajaa maji, tukahamia juu kidogo, tukachimba upya. Mie Mkristo, sijui mambo yenu. Nilimtafuta Mwislamu, akatuonyesha kibla. Tulimlaza ubavu wa kulia."

"Ubavu wa kulia?"

"Ndiyo, mama. Nilimshika mwenyewe."

Mama akainuka, akaleta maji, akamnawisha mikono kwa mkono wake. Hitima ilisomwa Ijumaa ile. Mgeni alikaa nje kwenye benchi, kofia mapajani, na wasomaji walipomaliza mama alimpelekea sahani ya kwanza ya pilau.