Redio ya Mama Upendo

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Newala, na Jumamosi iliyopita nilijiaibisha mbele ya kwaya nzima.

Mama Upendo alinipigia simu kwamba fundi mmoja wa Masasi amembadilishia betri, na sasa redio ya gari lake inadai namba ya siri. Yeye alikuwa kanisani, anapika chakula cha harusi. "Ni Noah nyeupe, iko hapa uani, ufunguo nimeuacha humo humo."

Nilipofika uani nikaiona, ufunguo ukiwa humo humo. Kwanza nikachomoa betri, maana ndivyo ninavyoanza kila kazi, kisha nikaitoa redio nisome namba za mgongoni, zinazosaidia kuipata ile ya siri. Nilipoirudishia umeme ikaomba namba ya siri, kama nilivyoambiwa. Kinamama wa kwaya wakasogea kuangalia, nami nikipata watu wa kunisikiliza huwa sinyamazi.

"Fundi gani huyu," nikawauliza, "anachomoa betri bila kumuuliza mwenye gari namba ya siri? Huyo hata baiskeli asipewe."

Wakacheka sana. Padri akatoka kanisani, akaja moja kwa moja hadi pale.

"Shikamoo, Padri."

"Marahaba. Kwani redio yangu imeharibika? Asubuhi imeniimbia kutoka Mkunya mpaka hapa."

Nikatazama upande wa pili wa ua. Mama Upendo alikuwa amesimama kando ya Noah nyeupe nyingine, ananipungia mwiko.

Padri akainama, akaitazama redio. "Hii huomba namba betri ikichomolewa tu. Nani ameichomoa?"

Kinamama wote wakageuka kuitazama spana mkononi mwangu.