Tulivyoshikana Mikono Kwenye Mteremko wa Theluji

Tulikwenda Uskoti kwa sababu kwaya yetu ya Thamesmead ilitaka kuona theluji ya kweli, siyo hii ya London inayogeuka tope kabla hujapiga picha. Mama Furaha, kiongozi wetu, mzaliwa wa Bukavu kule Kongo, alitaka kuimba mlimani kabla magoti hayajamgomea.

Kabla ya kuondoka, mtafiti wa maporomoko ya theluji alitupa somo kwenye ukumbi mmoja hapa London. Michoro, pembe za miteremko, tabaka za theluji! Tukaitikia kwa vichwa, kwa adabu. Kwetu mwalimu hakatizwi, naye akadhani tumeelewa.

Jumamosi asubuhi tulipokewa na Ewan, mwongozaji wa wapanda milima. Tulipofika kwenye mteremko wa kuvuka, akasema, "Mmoja mmoja. Wengine simameni mtazame." Akatangulia.

Mama Furaha alishtuka. "Mutu moja moja? Hapana! Tushikane mikono, batoto, mutu asibakie nyuma!"

Tukashikana kama watoto wa chekechea, tukaingia wote. Theluji ikapasuka juu yetu. Sisi wa nyuma tuliangushwa tu, lakini Mama Furaha aliburutwa na kufukiwa hadi kifuani. Ewan alichimba kwa koleo, sisi kwa mikono, tukilia. Alitoka mzima, midomo imekauka.

Bondeni nilimvaa Ewan. "Mbona hukusema ni kwa nini?"

Akainama. "Mkiwa wengi mnaizidishia theluji uzito. Na ikimfunika mmoja, walio nje ndio wa kumfukua."

Basi! Maneno ya kueleweka hata na mtoto, na yule mtafiti alikuwa nayo siku zote, kayafunika kwa michoro. Wahenga walisema hasira hasara, lakini siku ile ni adabu yetu iliyotaka kutuua.

Jumatatu, London, mimi na Mama Furaha tulimfuata mtafiti ofisini. Alisikitika sana, akaahidi kurekebisha somo lake mwakani.

"Mwakani?" nikafoka. "Kwaya ya kanisa la jirani wanapanda basi kwenda mlima uleule wiki hii!"

Nikampigia kiongozi wa kwaya yao palepale, nikaweka spika, nikamsogezea Mama Furaha simu.

"Kama munamupenda mutu," akasema, "mumuache avuke peke yake. Mumuangalie tu mupaka afike."

Kisha yule kiongozi akauliza, "Kwa nini, mama?"

Nikamkabidhi mtafiti simu.